Tusisubiri Uvimbe Ugome Kurudi: Ngiri ya Watoto na Upasuaji wa Matundu Madogo

(Hotuba hii niliitoa mjini Kisumu mbele ya wazazi, wahamasishaji wa afya ya jamii na wauguzi. Naiweka hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wazazi wenzangu, wahamasishaji wa afya ya jamii, wauguzi wa vituo vyetu, wazee na viongozi wa kaunti mliofika, hamjambo nyote.

Ninawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kuzungumza juu ya miili ya watoto wetu. Nimeombwa nieleze upasuaji wa ngiri ya watoto kwa njia ya matundu madogo, ule ambao daktari hutazama ndani ya tumbo kwa kamera na kufanya kazi bila kupasua sehemu kubwa. Nitaueleza kwa moyo wote, kwa kuwa ni kazi ninayoipenda. Hata hivyo, naomba mniruhusu nianzie nyumbani, pale mama anapomwogesha mtoto na kuona uvimbe kwenye kinena, kwa sababu afya ya mtoto huyo huamuliwa zaidi na kitakachofanyika katika siku chache zinazofuata kuliko na aina ya chombo nitakachoshika mimi baadaye.

Uvimbe huo hutoka wapi? Mtoto wa kiume anapokuwa tumboni mwa mama yake, korodani zake huanza kuumbika juu, karibu na figo, kisha katika miezi ya mwisho ya ujauzito hushuka kupitia kinena hadi zifike kwenye mfuko wake. Zinaposhuka hufuatana na kifuko chembamba cha utando uleule unaofunika tumbo kwa ndani. Zikishafika, kifuko hicho hutakiwa kujifunga chenyewe. Kwa watoto wengi hujifunga. Kwa baadhi hubaki wazi, na kikiwa wazi kwa upana wa kutosha, utumbo huteremka humo kila mtoto anapolia, anapokohoa au anapojikamua, kisha hurudi ndani anapotulia na kulala. Hiyo ndiyo ngiri ya kinena. Wasichana nao huwa na njia ya namna hiyo, ingawa ni nyembamba zaidi, na kwao kinachoteremka huweza kuwa ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi.

Akina baba, naomba mnisikilize hapa. Nimewaona akina mama wakifika kliniki wakiwa wamekwisha kuhukumiwa nyumbani. Huyu ameambiwa alimwacha mtoto alie mno. Yule ameambiwa alibeba mitungi ya maji akiwa mjamzito. Mwingine ameambiwa hakumfunga mtoto vizuri mgongoni. Je, ni kweli? Si kweli hata kidogo. Njia ile ilikuwa wazi kabla mtoto hajavuta pumzi yake ya kwanza. Kilio huufanya uvimbe uonekane, lakini hakikuiumba njia. Kati ya watoto 100 waliozaliwa kwa wakati wake, kati ya 1 na 5 hupata ngiri ya kinena, na kwa wale waliozaliwa kabla ya wakati wakiwa wadogo mno, idadi inaweza kufika 30 kati ya 100. Wavulana huipata mara kadhaa zaidi ya wasichana, na upande wa kulia huathirika zaidi ya ule wa kushoto. Hakuna mama aliyeyafanya hayo.

Sasa kuna jambo ambalo nataka kila mhamasishaji wa afya ya jamii atoke nalo hapa. Ngiri ya kitovu na ngiri ya kinena ni magonjwa mawili tofauti, na ushauri wake ni tofauti. Kitovu kilichojitokeza ni kitu cha kawaida sana kwa watoto wetu wa Kiafrika, na kwa wengi wao hujifunga chenyewe kabla ya miaka minne au mitano, bila dawa na bila kisu. Sarafu inayobandikwa juu ya kitovu kwa plasta haiharakishi lolote, na mara nyingine huacha ngozi ikiwa na vidonda. Huyo tunamtazama, tunangoja, tunampima tena. Ngiri ya kinena haijifungi. Narudia: ngiri ya kinena haijifungi. Haijifungi kwa miezi, haijifungi kwa miaka, haijifungi kwa mafuta ya kukanda wala kwa chale. Mama wa mtoto mwenye uvimbe wa kinena akiambiwa "utaisha akikua", ameambiwa jambo linaloweza kumgharimu mtoto wake.

Mama mmoja kutoka Nyakach alimwona mwanawe wa miezi mitatu akivimba kinena cha kulia kila alipolia. Akampeleka kwenye kituo cha afya. Walipofika, mtoto alikuwa amelala kwenye kanga, ametulia, na uvimbe ulikuwa umekwisha kurudi ndani. Akaambiwa hakuna kitu. Akaenda tena, akaambiwa hivyo hivyo, na safari hiyo akaulizwa kama ana uhakika na alichokiona. Binti wa jirani ndiye aliyempa shauri: piga picha kwa simu. Akaipiga picha jioni, mtoto akiwa kwenye beseni. Kwenye picha hiyo unauona mkono wa mama wenye povu la sabuni umeshika paja la mtoto, na juu ya mkunjo wa kinena kuna uvimbe wa sentimita mbili hivi unaoteremka kuelekea korodani. Nilipoonyeshwa ile simu nilikuwa nimekwisha kujua ninachotafuta kabla mtoto hajavuliwa nguo. Wahamasishaji, wafundisheni wazazi kupiga picha. Na ninyi wauguzi, mama akiwaambia ameona uvimbe, mwaminini hata kama hamwoni kitu kwa wakati huo. Mwandikieni barua ya rufaa.

Kuna wanaotumia tochi kutofautisha maji na utumbo. Mwanga ukipenya kwenye mfuko wa korodani, husemwa kwamba ni maji tu, na kwa kweli maji ya korodani kwa mtoto mchanga mara nyingi huisha yenyewe kabla hajatimiza mwaka mmoja au miwili. Lakini kwa mtoto mdogo sana ukuta wa utumbo nao ni mwembamba, na mwanga hupenya humo vilevile. Msimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu ya tochi peke yake.

Kwa nini ninasisitiza namna hii? Kwa sababu ya kinachotokea utumbo unaposhuka na kukataa kurudi. Njia ni nyembamba. Utumbo ulionaswa huvimba, ukivimba hunaswa zaidi, na damu inayoingia na kutoka hubanwa. Ndani ya saa chache sehemu hiyo ya utumbo huweza kuanza kufa. Na si utumbo peke yake: mishipa ya damu inayolisha korodani hupita palepale, nayo hubanwa pia. Hatari hii ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa maisha, yaani kwa mtoto yuleyule ambaye watu husema bado ni mdogo mno kupasuliwa. Utafiti uliofanywa katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliongoja upasuaji kwa zaidi ya siku 14 walikuwa na hatari ya kunaswa utumbo iliyokaribia maradufu ikilinganishwa na waliofanyiwa mapema. Siku 14, ndugu zangu. Ni watoto wangapi kwetu huku hungoja miezi?

Zishikeni dalili hizi, na mkawafundishe na wengine. Uvimbe umekuwa mgumu na hauingii ndani hata mtoto anapotulia. Ukiugusa, analia kwa kilio ambacho si cha njaa. Ngozi yake imekuwa nyekundu au imekolea rangi. Mtoto anatapika, na matapishi yakiwa ya kijani basi hakuna cha kujadili. Tumbo limejaa, hajisaidii. Mtoto huyu haendi kwa mkandaji, hangoji siku ya kliniki, hangoji baba arudi kutoka safarini. Anapelekwa hospitali usiku huohuo, kwa matatu au kwa boda boda, na njiani hanyonyeshwi wala halishwi. Na msiusukume uvimbe huo kwa nguvu nyumbani. Hospitalini tutampa dawa ya maumivu, tutamtuliza, na mtu mwenye uzoefu ataurudisha taratibu. Ukirudi, tunamlaza, tunasubiri siku moja au mbili uvimbe wa ndani upungue, kisha tunamfanyia upasuaji kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Usiporudi, anaingia chumba cha upasuaji mara moja.

Sasa tuingie kwenye upasuaji wenyewe.

Upasuaji wa wazi tunaufahamu kwa muda mrefu. Daktari hukata ngozi kwenye mkunjo wa kinena, sentimita mbili au tatu, huitafuta ile njia, huitenganisha kwa uangalifu na mrija wa mbegu na mishipa ya damu ya korodani, kisha huifunga kwa uzi juu kabisa, kwenye shingo yake. Mwaka 1950 Willis Potts na wenzake wa Chicago waliandika kwamba kwa mtoto hilo linatosha, na hakuna haja ya kuishona misuli wala kuweka wavu unaowekwa kwa watu wazima. Ni upasuaji mzuri. Ngiri kurudi baada yake ni nadra, takriban mtoto 1 kati ya 100 mikononi mwa aliyezoea kazi hiyo.

Upasuaji wa matundu madogo una historia yake. Mwaka 1910, mjini Stockholm, Hans Christian Jacobaeus aliandika jinsi alivyochungulia ndani ya tumbo la binadamu kwa chombo chenye lenzi. Ilipita miaka mingi kabla njia hiyo haijawafikia watoto wenye ngiri: El-Gohary aliielezea kwa wasichana mwaka 1997, wengine wakafuata kwa wavulana, na mwaka 2006 Dariusz Patkowski na wenzake wa Wrocław, Poland, wakachapisha namna nyepesi zaidi ya kuifanya, kwa kamera moja na sindano moja. Hiyo ndiyo nitakayowaeleza.

Mtoto amelala kwa nusukaputi. Tunakata tundu dogo, lisilozidi milimita 5, ndani ya mkunjo wa kitovu, mahali ambapo kovu halitaonekana. Tunapitisha hapo gesi ya kaboni dioksidi kidogo kidogo, kwa shinikizo la chini kuliko lile la mtu mzima, ili ukuta wa tumbo uinuke na matumbo yapate nafasi. Kisha inaingia kamera. Kwenye skrini tunaona kinena kutoka ndani, upande ambao jicho la mzazi halijawahi kuuona. Kwenye kinena kizima, utando ni laini na umefunga. Kwenye ngiri, kuna mlango ulio wazi, mweusi ndani, na chini ya mlango huo kwa mvulana mnaona mistari miwili inayokutana: mmoja ni mrija wa mbegu, mwingine ni mishipa ya damu ya korodani. Mistari hiyo miwili ndiyo inayotufanya tushike sindano kwa adabu. Ukimchoma mtoto huyu kwenye mrija wa mbegu leo, atalijua akiwa mtu mzima.

Sindano yenye uzi ndani yake huingia kupitia ngozi ya kinena, moja kwa moja juu ya mlango. Kwa kuitazama kwenye skrini, tunaipitisha chini ya utando, kuuzunguka mlango upande mmoja, tukiruka mrija na mishipa bila kuvigusa. Tunaacha kitanzi cha uzi ndani, tunaitoa sindano. Inaingia tena kwenye tundu lilelile la ngozi, inauzunguka mlango upande wa pili, na ncha ya uzi inapita ndani ya kile kitanzi. Tunakivuta kitanzi, na uzi sasa umeuzunguka mlango wote. Tunakikamua kinena taratibu ili gesi iliyoshuka irudi juu, kisha tunakaza. Mlango unakunjamana na kufunga kama mdomo wa gunia unapovutwa kamba. Fundo linazama chini ya ngozi. Kwenye kinena kinabaki kitone kimoja ambacho hakihitaji hata mshono. Mikononi mwa aliyezoea, upande mmoja huchukua chini ya nusu saa.

Faida yake ni nini? Makovu madogo ni faida, lakini kwangu mimi hiyo si kubwa kuliko zote. Faida kubwa ni kuona. Mvulana wa miaka minne kutoka Kombewa aliletwa na ngiri ya upande wa kulia. Wazazi wake hawakuwahi kuona chochote upande wa kushoto, nami nilipompima sikuona kitu. Tulipoingiza kamera, mlango wa kulia ulikuwa wazi, kama tulivyotarajia. Tukageuza kamera kushoto. Palikuwa na mkunjo mdogo wa utando uliofunika, ungeweza kusema pamefunga. Nikamwomba msaidizi abonyeze kinena cha kushoto kwa kidole kutoka nje, na vipovu vya gesi vikatoka chini ya ule mkunjo, kimoja baada ya kingine. Njia ilikuwa wazi. Tukaifunga hapohapo, kwa usingizi uleule, kwa tundu lilelile la kitovu. Nawaambia ukweli kwamba si kila njia iliyo wazi upande wa pili huja kuwa ngiri: baada ya upasuaji wa upande mmoja, watoto wapatao 7 tu kati ya 100 hurudi na ngiri ya upande mwingine, na kwa sababu hiyo wako madaktari wanaopendelea kuuacha bila kuugusa. Mimi, kwa familia inayotoka mbali na kulipa nauli mara mbili, naona ni haki kuufunga tukiwa tayari tumo ndani, na huwa nawauliza wazazi kabla, si baada. Kwa msichana, kamera hutuonyesha pia kama ovari imo kwenye kifuko na kama iko salama kabla hatujafunga.

Je, upasuaji huu hauna kasoro? Unazo. Gesi inayoinua tumbo humlazimu mtoto awekewe mpira wa kupumulia na mtaalamu wa nusukaputi aliyezoea watoto, wakati upasuaji wa wazi kwa baadhi ya watoto wachanga huweza kufanywa kwa ganzi ya mgongoni. Njia za awali za kamera zilikuwa na ngiri zilizorudi kwa wingi kuliko upasuaji wa wazi, na imechukua miaka ya kuboresha ndipo zikakaribiana. Mara chache fundo la uzi huleta kijipu kidogo chini ya ngozi. Na kuna jambo la mkono: daktari aliyefunzwa njia ya wazi na kuifanya kila wiki ni salama zaidi kwa mtoto wako kuliko yule anayejaribu kamera kwa mara za kwanza bila mwalimu pembeni.

Hapa ndipo ninapotaka kusema neno langu kubwa la leo, na nitalisema kwa kisa kinachoniuma.

Baba mmoja kutoka Vihiga alikuwa na mtoto wa miezi saba mwenye ngiri ya kulia. Hospitali iliyo karibu naye ilimpa tarehe ya upasuaji wa wazi, wiki iliyofuata. Baba huyu alikuwa amesoma juu ya upasuaji wa kamera, akaupenda, na kwa kuwa alimtakia mwanawe kilicho bora aliikataa tarehe ile akaamua kungoja nafasi mahali penye vifaa. Alikuwa baba mwema, na naomba asilaumiwe na yeyote. Wiki ya tano ya kungoja, mtoto aliamka usiku akilia. Walipofika, uvimbe ulikuwa mgumu, ngozi yake inang'aa kwa wekundu, na nguo ya mama ilikuwa na matapishi ya kijani. Tulijaribu kuurudisha, ukakataa. Tukampasua kwa njia ya wazi, usiku uleule. Kipande cha utumbo kilichotoka kilikuwa cha zambarau. Tukakifunika kwa shashi zilizoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, tukangoja, sote kimya mezani, tukikitazama. Taratibu rangi ya waridi ikaanza kurudi, kutoka pembeni kwenda katikati, na tukaurudisha utumbo tumboni bila kuukata. Korodani haikuwa na bahati hiyo. Alipokuja kliniki miezi baadaye ilikuwa imesinyaa, na haitakua tena.

Mzazi mwenzangu, ukipewa tarehe ya karibu ya upasuaji wa wazi na daktari anayeaminika huko Siaya, Homa Bay, Vihiga au Kakamega, ichukue. Usiiache kwa ajili ya kamera. Kovu la sentimita mbili kwenye mkunjo wa kinena litafichwa na chupi maisha yake yote. Ukiipata nafasi ya matundu madogo kwa wakati huohuo, ni vyema, njoo. Lakini usingoje. Kwa ajili ya kamera, usingoje. Kwa ajili ya likizo ya shule, usingoje. Kwa ajili ya mjomba atakayekuja kutoka Nairobi, usingoje.

Wako watoto ambao daktari mwenyewe atasema tungoje, nao ni wale waliozaliwa kabla ya wakati na bado wako wodini. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa hospitali 39 za Marekani, ukaonyesha kwamba kati ya watoto hao, waliofanyiwa upasuaji kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani walipata matatizo makubwa kwa kiwango cha 28 kati ya 100, na waliosubiri wakue kwanza walipata kwa kiwango cha 18 kati ya 100. Kungoja huko huwa na tarehe iliyoandikwa, na mama aliyefundishwa dalili za hatari.

Nyanya mmoja kutoka Ahero alimleta mjukuu wake, akaniuliza swali moja tu: "Daktari, mtoto akilazwa kwa dawa ya usingizi akiwa mdogo hivi, akili yake haitaharibika?" Nyanya huyo aliuliza swali ambalo madaktari wa dunia nzima wamejiuliza. Lilipelekwa kwenye utafiti wa watoto wachanga 722 katika nchi saba, na watoto wote hao walikuwa wakifanyiwa upasuaji wa ngiri. Nusu walipewa nusukaputi, nusu wakapewa ganzi ya mgongoni wakiwa macho. Wakafuatiliwa hadi umri wa miaka mitano, waliopatikana wakapimwa uwezo wa akili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kati ya makundi hayo mawili. Usingizi mmoja wa chini ya saa moja hivi haukuwaharibu. Nilimweleza nyanya hayo, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mlaze." Hatari tunayoihofia kweli ni ya kupumua: mtoto mdogo aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kusahau kuvuta pumzi katika saa zinazofuata upasuaji, na ndiyo maana yeye halali nyumbani usiku huo. Analala kwetu, chini ya mashine, na muuguzi.

Viongozi wa kaunti, ninyi nawaambia wazi. Kamera na skrini yake ni ghali, lakini zinanunulika. Kinachokosekana zaidi ni watu na vitu vidogo: mtaalamu wa nusukaputi aliyezoea watoto, mipira ya kupumulia ya saizi ya mtoto mchanga, vyombo vya milimita 3, oksijeni isiyokatika, umeme usiozima katikati ya kazi. Mkinunua skrini bila kumlipa mtu wa nusukaputi, mtakuwa mmenunua skrini tu. Na mkiiwezesha kila hospitali kubwa ya kaunti zetu za magharibi kufanya upasuaji wa wazi wa ngiri kwa watoto waliovuka mwaka mmoja, sisi wa Kisumu na wenzetu wa Eldoret tutabaki na nafasi kwa wachanga na kwa wale wenye matatizo mengine. Daktari mmoja anayefundishwa vizuri hapa huwahudumia watoto wa kaunti nzima.

Kuhusu gharama, jisajilini mapema na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya taifa, na mhakikishe mtoto ameandikwa kama mtegemezi wenu. Mzazi anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa mtoto akiwa tayari anatapika anapoteza saa ambazo hana.

Siku ya upasuaji, mtoto anayekula chakula au maziwa ya kopo aache saa 6 kabla. Anayenyonya anyonye kwa mara ya mwisho saa 4 kabla. Maji matupu ni hadi saa 2 kabla, isipokuwa mtaalamu wa nusukaputi awaambie vingine. Akiwa na kikohozi au homa, tuambieni hata kama mmesafiri kutoka mbali, na msiogope kwamba tutawakemea. Watoto wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Plasta isilowe kwa siku mbili, dawa ya maumivu ipewe kwa saa zake hata kama halii, na aruhusiwe kutambaa na kutembea apendavyo. Mkubwa anayecheza mpira apumzike majuma mawili au matatu. Korodani ikivimba kidogo siku za kwanza msishtuke. Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, au uvimbe ule wa zamani ukionekana tena, rudini bila kungoja tarehe ya kliniki.

Nimemaliza yangu. Tuna muda wa maswali, na wale ambao wamekuja na watoto wenye uvimbe, wauguzi wawili wako chumba cha nyuma kuwapima na kuwaandikia rufaa leo hii. Mama mwenye mtoto mchanga pale mbele, anza wewe.